Teresa wa Avila naye alisubiri saa igonge

Juzi usiku nilikuwa napepeta mchele wa kesho yake, ujumbe ukaingia. Ni binti mmoja anayefuatilia ninayoandika hapa. Anasema alikuwa anasali kila siku bila kukosa, sasa amekauka, akipiga magoti anaona kama anaongea na ukuta. Na mwezi uliopita ameanguka katika dhambi anayoona aibu hata kuitaja. Akamalizia hivi: "Dada, nimeona nipumzike kwanza na sala mpaka nitakapokuwa safi. Nikisali hivi nilivyo nitakuwa namdanganya Mungu."

Niliweka ungo chini. Maneno hayo nayajua, niliyasema mwenyewe mwaka 2017. Na karibu miaka mia tano kabla yangu aliyasema mtawa mmoja wa Hispania ambaye leo Kanisa linamwita mwalimu wa sala. Nimeahidi kuandika kwa ajili ya huyu binti, lakini najua hayuko peke yake. Wewe unayesoma hapa unatamani kuwa mtu wa sala, la sivyo usingefika mpaka mstari huu.

Wanaonijua wanajua kwamba parokiani kwetu nilikuwa mama wa sala. Nilikuwa mwenyekiti wa kikundi cha sala, watu zaidi ya arobaini, na si kwa kujisifu, kikundi kile nilikikuza mimi kutoka watu tisa. Nilifundisha watu kukaa kimya mbele ya Sakramenti Kuu kila Alhamisi. Watu walikuwa wananipigia usiku wa manane niwasalie wagonjwa wao. Hata mama yangu mzazi, aliyezoea rozari tu, nilimfundisha kukaa na Injili nusu saa, asome mstari mmoja kisha anyamaze na Bwana. Akaipenda sala hiyo kuliko mimi.

Mei 2017 nilipoteza mimba ya miezi saba. Tulimzika mtoto asubuhi, watu sita tu. Siku ya tatu wenzangu wa kikundi walikuja kunipa pole. Wameimba, wamesali, chai imenywewa. Wakati wa kuaga, mmoja wao, mtu ambaye mimi ndiye niliyemwonyesha namna ya kusali, akasema mbele ya wote: "Dada, tusifichane. Kuna mlango umemwachia shetani wazi. Mtu wa sala hapatwi na haya." Hakuna aliyemjibu. Watu walitazama vikombe vyao. Nimesamehe, nimeungama, lakini sitadanganya kwamba nimesahau. Hata leo nikisikia neno "mlango wazi" kwenye maombi, tumbo linanikaza.

Tangu siku ile nikaacha kusali. Sizungumzii kikundini, kule niliendelea kuongoza, sauti ile ile, machozi mengine hata yalikuja yenyewe. Nazungumzia chumbani, mimi na Mungu. Nilianza kwa hasira, kisha ikageuka kuwa aibu: nitamwangaliaje usoni wakati namnung'unikia hivi? Nikajiambia ni unyenyekevu. Nitarudi nikipoa. Ukapita mwezi, ukapita mwaka.

Na kila Jumapili jioni mama alipiga simu kutoka Singida. "Mwanangu, wiki hii Bwana amekupa nini?" Nikamwambia mgongo unanisumbua, siwezi kukaa muda mrefu. Alinyamaza kidogo, akasema: "Pole, mama. Basi nitakaa na nusu saa yako, nakaa saa nzima." Akawa anakaa saa nzima. Kwa ajili ya mgongo ambao haukuwa unauma.

Mwishoni mwa 2018, kwenye kitubio, padre ambaye hata hanijui alinisikiliza mpaka mwisho, akaniuliza: umewahi kusoma maisha ya Mtakatifu Teresa wa Avila, aliyoyaandika kwa mkono wake? Sikuwahi. Nilimjua kwa sikukuu yake tu, tarehe 15 Oktoba. (Alifariki usiku wa tarehe 4 Oktoba 1582, na kesho yake ikahesabiwa tarehe 15, kwa sababu usiku huo ndio kalenda ya Papa Gregori XIII iliruka siku kumi. Jambo hili hunifurahisha kila mwaka.) Nilidhani ni wale watakatifu waliozaliwa wakiwa na mbingu mkononi. Nikaazima kitabu, kwa Kiingereza, nikakisoma na kamusi pembeni. Nilipofika sura ya saba nilikifunga nikalia.

Kwa sababu maisha aliyoyasimulia yalikuwa yangu mimi. Teresa alizaliwa Avila mwaka 1515. Alipoteza mama yake akiwa bado msichana mdogo, na akiwa na miaka 20 aliingia monasteri ya watawa wa shirika la Wakarmeli mjini kwao. Ndugu wa baba yake akampa kitabu cha kumfundisha sala ya kimya, akaanza kwa moto mkubwa. Kisha akaugua. Mwaka 1539 alizimia siku nne nyumbani kwa baba yake, monasterini wakachimba kaburi, na alipozinduka alikuta machoni pana nta, maana walishamhesabu marehemu. Alibaki amepooza karibu miaka mitatu. Anasema alipoanza kutambaa kwa mikono na magoti alimshukuru Mungu. Huyu ni mtu aliyetoka kaburini, ungetegemea asiache sala maisha yake yote.

Akaiacha. Alipopona aliingia katika mazungumzo na wageni, urafiki usio na mpango, masaa yanapotea kwenye ukumbi wa kuongelea. Akaanza kuona aibu. Atakaaje na Mungu kama rafiki wakati moyo wake uko kwingine? Akaona ni unyenyekevu zaidi asali sala za pamoja na wenzake kama kila mtu, hii ya peke yake aiache. Aliiacha mwaka mzima na zaidi.

Na hapa ndipo nilipofunga kitabu. Baba yake, Don Alonso, alikuwa amefundishwa sala na huyo huyo Teresa. Mzee alikuwa anakuja kumtembelea monasterini, amejaa furaha ya kuzungumza mambo ya Mungu na binti yake, akiamini binti bado yuko pale pale. Teresa akashindwa kuvumilia, akamwambia kwamba hasali tena, lakini akasingizia ugonjwa. Kweli alikuwa na magonjwa, ila anakiri wazi kwamba hayakuwa sababu. Mzee akamwamini, akamhurumia. Baada ya hapo hakukaa naye muda mrefu, maana sasa maongezi mengine yote aliyaona ni kupoteza wakati.

Mgongo wangu ule.

Baba yake alifariki mwaka 1543, naye Teresa ndiye aliyemuuguza. Padre Mdominiko aliyekuwa anamuungamisha mzee ndiye aliyemrudisha kwenye sala, naye hakuiacha tena mpaka kufa. Baadaye aliandika kwamba katika udanganyifu wote ambao shetani alimfanyia, huo wa kuacha sala kwa kisingizio cha unyenyekevu ulikuwa mbaya kuliko wote. Binti yangu, rudia kusoma ujumbe wako kisha urudi kwenye sentensi hiyo. Mgonjwa hasemi nitakwenda hospitali nikishapona.

Sasa usidhani aliporudi mbingu zilifunguka. Hilo ndilo linalonifanya nimpende. Anasimulia kwamba kwa miaka kadhaa, akiwa kwenye saa yake ya sala, alishughulika zaidi kutega sikio saa igonge muda uishe kuliko kukaa pale. Mara nyingi angekubali malipizi yoyote makali kuliko kwenda kutulia asali. Akiingia chumba cha sala, huzuni inamshika mlangoni. Kwa miaka kumi na minane hakuthubutu kuanza sala bila kitabu mkononi, mara nyingine anakisoma, mara nyingine anakishika tu, mawazo yanatulia kwa kujua kitabu kipo. Na huyu ndiye Papa Paulo VI alimtangaza Mwalimu wa Kanisa, yaani mtakatifu ambaye mafundisho yake ni ya Kanisa zima, tarehe 27 Septemba 1970, mwanamke wa kwanza kupewa heshima hiyo tangu Kanisa lianze. Aliyekuwa anasubiri saa igonge.

Nilianza Februari 2019. Padre alinipa dakika kumi na tano, akaniwekea sharti moja: usiondoke kabla hazijaisha, hata kama hakuna kitu. Mimi napika chakula cha mchana cha maofisini, saa kumi na nusu alfajiri maharage yako jikoni tayari. Basi nikachagua dakika hizo hizo. Stuli ya jikoni, Injili mapajani, mlango wa nyuma nimeurudishia. Miezi ile ya kwanza simu ilikuwa mkononi, naitazama. Dakika mbili. Nne. Nne na nusu. Bodaboda inapita, nafikiria bei ya nyanya. Tano. Nilikuwa na hasira bado, na nilimwambia Mungu hivyo hivyo, kwamba nimekuja kwa sababu nimeambiwa, sina neno lingine. Tangu siku ile mpaka leo sijaondoka kwenye stuli kabla ya wakati hata mara moja, na hilo nalitamka kwa fahari kwa sababu najua limenigharimu nini.

Teresa ana mfano wa bustani. Anasema roho ni bustani ambayo Bwana ameipanda, sisi kazi yetu ni kumwagilia, na maji yanapatikana kwa njia nne: kuyachota kisimani, kuyavuta kwa gurudumu la vyombo, kuyaelekeza kutoka mtoni, au mvua inyeshe yenyewe. Wengi wanaomhubiri hukimbilia kwenye mvua. Mimi nabaki kisimani, kwa sababu nimekulia kwenye kisima. Kwa bibi yangu Singida, kiangazi kikikolea, unashusha ndoo, kamba inakwenda, inakwenda, halafu unasikia chini: pwa. Siyo maji, ni tope. Unavuta, viganja vinawaka, ndoo inatoka na maji ya vikombe viwili, rangi ya chai ya maziwa. Unaweka pembeni yatuame. Unashusha tena. Bibi hakutuambia turudi nyumbani mpaka kisima kijae, maana maji huchuruzika pale yanapochotwa. Kisima kisichochotwa tulikuta kimebomoka kingo.

Teresa anasema hivyo kwa namna yake. Mtu anayeanza atashusha ndoo siku nyingi bila kupata kitu, na hata kisima kikikauka kabisa, mtunza bustani akifanya lililo lake, Mungu huyatunza maua bila maji. Hakusema acha kwenda. Anasema pia kwamba zile siku alizojilazimisha kukaa, mara nyingi alitoka na utulivu na furaha kuliko siku alizokuja kwa hamu. Nimelithibitisha hilo mwenyewe. Siyo kila siku, lakini siku za kutosha.

Kwa hiyo ushauri wangu ni mmoja, na ukiniuliza mara kumi nitaurudia mara kumi: kaa. Chagua dakika zako, ziwe chache, kisha kaa mpaka ziishe. Umekauka, kaa. Umetenda dhambi, nenda kitubio, urudi ukae, na kabla hujapata nafasi ya kitubio kaa pia. Kama akili inaruka, shika kitabu kama yeye alivyoshika. Kwake sala ilikuwa mazungumzo ya kirafiki, peke yako mara kwa mara na yule unayejua anakupenda. Rafiki humkimbii siku umechafuka. Na usingoje nyumba iwe kimya kama monasteri. Aliwaambia masista wake kwamba hata kazi ikiwapeleka jikoni, Bwana yupo katikati ya vyungu. Mimi ni mpishi, sentensi hiyo nimeibandika juu ya jiko.

Watu wa siku hizi tunataka sala yenye matokeo Ijumaa hii. Tunataka ushuhuda wa kupanda nao madhabahuni. Nilikuwa hivyo, niliwafundisha watu hivyo, ndiyo maana siku msiba uliponipata wanafunzi wangu walinihukumu kwa kipimo nilichowapa mimi mwenyewe. Teresa alivumilia karibu miaka ishirini ya kuanguka na kuinuka, mpaka mwaka 1554 alipokuta sanamu ya Kristo aliyejaa majeraha, imeletwa monasterini kwa ajili ya sikukuu, akajitupa chini mbele yake na kitu ndani kikageuka. Alikuwa na miaka 39. Monasteri yake ya kwanza, ya Mtakatifu Yosefu pale Avila, aliifungua Agosti 1562, na jumla akaanzisha kumi na saba. Hesabu mwenyewe: angeondoka kisimani mwaka wa kumi na tisa, tungekuwa na nini leo?

Mama nilimwambia ukweli mwaka huu, wakati wa Kwaresima. Nilikwenda mpaka Singida nisimwambie kwa simu. Macho yake sasa hayaoni vizuri, Injili anasomewa na mjukuu. Nilimweleza yote, mgongo, mwaka ule, saa nzima aliyokuwa anakaa. Hakuniuliza kwa nini. Aliuliza: "Sasa hivi unakaa dakika ngapi?" Nikamwambia ishirini. Akasema, "Basi yangu ninayokusaidia naipunguza iwe kumi."

Binti yule nilimjibu usiku ule ule. Nilimwambia kesho saa kumi na nusu nitakuwa kwenye stuli yangu, naye akae mahali pake popote, dakika tano tu, na akishakaa anitumie nukta moja, asiandike neno. Jana alfajiri maharage yalikuwa yameanza kuchemka, simu nimeilaza kifudifudi juu ya friji kama ninavyofanya siku zote. Ikatetemeka mara moja. Sikuigeuza mpaka dakika zangu ishirini zilipoisha.