Mjomba, fedha ninazogawa si zangu

Mjomba, shikamoo. Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza mara mbili, na hapo uliposema kwamba Tanga nzima inajua ninagawa dola New York huku nikikinyima kikundi chenu cha ngoma hela ya mabati, nilikasirika, kisha nikaona haya kwa kukukasirikia.

Taasisi iliyoniajiri inaendeshwa kwa mali ya tajiri aliyekwisha kufa, na sheria ya Marekani huitaka itoe takriban asilimia 5 ya mali hiyo kila mwaka. Fungu langu ni wasanii Weusi na wanaopigania haki zao. Nasoma maombi ya ruzuku na kupendekeza. Bodi ndiyo huamua, na jina la ndugu likitajwa hunibidi niseme, kisha nitoke chumbani.

Hilo haliniumi. Mwaka 2020, George Floyd, yule Mmarekani Mweusi, alipouawa na polisi Minneapolis, mifuko mingi ya aina hii ilishindana kuahidi fedha za kupinga ubaguzi, nami niliajiriwa kwa wimbi hilo. Mwaka 2023 Mahakama ya Juu ilivizuia vyuo kuzingatia rangi ya mwombaji katika udahili, na tangu hapo wanasheria wetu hawalali, wakihofia nasi tutashtakiwa kwa kutaja rangi. Mwezi uliopita nilipewa fomu yetu wenyewe niisafishe: nilifuta neno "Weusi" mara 19, nikaandika "jamii". Niliyeajiriwa kulisema neno hilo ndiye niliyelifuta, kwa sababu viza yangu imefungwa kwenye kazi hii, na nikiiacha nina siku 60 tu za kupata mwajiri mwingine au kufunga mizigo.

Kwa hiyo mwanao asije kusomea mambo haya. Mhitimu wa sanaa huruhusiwa mwaka mmoja tu wa kufanya kazi kwa viza ya masomo, ilhali mwenzake wa uhandisi anaweza kuongezewa miezi 24. Asome uhandisi, ngoma atapiga Jumamosi. Ila kama hasikii, na najua hasikii maana mimi pia sikukusikia, anitumie barua yake ya maombi niipitie kabla hajaipeleka chuoni.

Ya mabati nitatuma laki mbili mwisho wa mwezi, kwenye simu ya mkeo, si ya mweka hazina. Tafadhali usiwaambie kikundi kwamba zimetoka kwenye taasisi. Zimetoka kwenye kodi yangu ya nyumba.