Kutembea kando ya mifereji na mashamba: maswali yenu na majibu

Niliposema hapa kwamba anayependa kutembea mashambani Uganda si lazima apande mlima Muhavura, maswali yalimiminika. Nimechukua machache, na yaliyofanana nimeyaunganisha.

Mimi ni mwalimu mstaafu, naishi Bombo. Magoti yangu hayataki milima, lakini kila ninayemwuliza ananipeleka Kabale. Huko kusini na magharibi hakuna mahali pa kutembea pasipo na vilima? (Mwalimu, Bombo)

Shikamoo, mwalimu. Papo, tena pengi. Fuata maji yanayokwenda yenyewe bila pampu. Mfereji wa kumwagilia huchimbwa kwa mteremko mdogo mno. Mteremko ukizidi, maji yanakimbia na kumega kingo, na ukipungua yanatuama, tope linajaa. Ndiyo maana mchimbaji anapokutana na kilima hukizunguka, hakipandi. Anayetembea ukingoni leo anafaidi hesabu aliyoipiga mtu mwingine miaka mingi iliyopita.

Kwa magoti yako ningeanza na skimu ya kumwagilia ya Mubuku, Kasese. Ilianzishwa miaka ya 1960, na maji yake yanatoka mito ya Sebwe na Mubuku inayoshuka Rwenzori. Mfereji mkuu umesakafiwa kwa saruji, na ukingo wake ni barabara ya kijiji hasa: baiskeli zenye magunia, wanafunzi, kina mama wanaotoka kung'oa vitunguu. Upande wa juu, ukiwahi kabla ya mawingu, unaiona milima. Upande wa chini ni mahindi, maembe na mpunga, mpaka macho yanapofika kwenye mbuga ya Queen Elizabeth.

Usipite mbio kwenye milango ya maji. Simama uone kazi. Mkulima anakuja na jembe begani, anainua kibati cha chuma, kisha anaingia kwenye kijifereji cha pembeni na kuziba njia ya jirani kwa udongo na gunia kuukuu. Maji yanasita kidogo, yanageuka, yanaingia shambani kwake yakisukuma majani makavu mbele. Kila mmoja ana zamu yake. Wakati wa kiangazi zamu hizo huleta maneno makali, kwa hiyo ukikuta watu wanajibizana juu ya mlango uliofunguliwa usiku, salimia upite zako. Hayo si ya mgeni.

Mambo mawili kuhusu Kasese. Joto lake si la Kabale: toka saa moja asubuhi, na saa nne uwe umeshakaa kivulini na chai yako. La pili ni tembo. Wanatoka mbugani kuingia mashambani, hasa giza likianza, na wakulima hukesha kuwafukuza. Jioni usiwe kwenye mfereji wa mwisho upande wa mbuga.

Na kama moyo wako umeshikwa na Kabale, nenda, ila ubaki chini. Bonde la Kiruruma lilikuwa kinamasi cha mafunjo. Kuanzia miaka ya 1940 serikali ya kikoloni ilianza kuyakausha mabonde ya Kigezi, yaani eneo la Kabale na Kisoro, kwa mitaro mirefu iliyonyooka, na leo humo mna malisho ya ng'ombe wa maziwa, kabichi na viazi. Mitaro ya kukausha haivutii kama mfereji wa kumwagilia, nakubali. Ila ni tambarare kabisa, na asubuhi ukungu hulala bondeni mpaka unasikia ng'ombe kabla hujamwona.

Kuna mfereji wa kihistoria kweli Uganda, wa wafalme? Au yote ni miradi ya serikali? (Kijana, Kisenyi)

Kijana wangu, unaishi karibu nao kuliko mimi. Ziwa la Kabaka, hapo Kampala kati ya Mengo na Ndeeba, halikuumbwa na mvua. Mwanga wa Pili, Kabaka yaani mfalme wa Buganda, aliamuru lichimbwe kwa mikono miaka ya 1880, na nia yake ilikuwa kuliunganisha na Ziwa Nalubaale, lile ambalo ramani zinaliita Victoria, ili mitumbwi yake ipite. Mfereji huo haukukamilika. Watu walitolewa kazini kwa lazima, wakubwa kwa wadogo, na chuki iliyotokana na kazi ile ni mojawapo ya mambo yaliyomfanya apinduliwe mwaka 1888. Alirudi kitini mwaka uliofuata, lakini ndoto ya mfereji haikurudi naye.

Lizunguke asubuhi ya Jumapili, barabara zikiwa kimya. Ni mwendo mfupi, utaumaliza kabla ya roleksi yako, ile chapati ya mayai, kupoa. Ukiwa hapo piga hesabu ya umbali kwenda Munyonyo, vilima vilivyo katikati, na majembe waliyokuwa nayo. Usinichanganyie na Nakivubo. Ule nao ni mfereji, lakini ni wa maji machafu ya jiji, sikushauri umpeleke mtu unayempenda.

Watoto wangu wakiona maji wanataka kutumbukiza miguu. Je, kuna hatari? (Mama wa watatu, Mbarara)

Ipo, mama, na jina lake ni kichocho. Vijidudu vyake hukaa kwanza ndani ya konokono wa majini, kisha hutoka na kupenya ngozi ya mtu aliyesimama majini. Konokono hao wanapenda maji yanayokwenda polepole yenye majani kando, na hiyo ndiyo sura ya mifereji mingi, hata ukingo wa Ziwa Victoria. Kwa hiyo miguu ikae nje. Mtoto akishaingia, mfute akauke upesi, lakini usijidanganye kwamba taulo ni kinga. Mpeleke kituo cha afya mweleze mhudumu aligusa maji wapi na lini, maana dawa ipo, prazikwanteli, na inafanya kazi vizuri ikitolewa wakati wake.

Hata pasipo na kichocho, mfereji mkuu wa saruji una kingo zinazoteleza na maji yake yana nguvu. Mtoto mdogo ashikwe mkono.

Nikipita katikati ya mashamba ya watu, si nitaitwa mwizi? Niombe ruhusa kwa nani? (Dereva, Busia)

Swali hili ndilo muhimu kuliko yote, na wengi hawaliulizi. Njia unayoiita ya matembezi mwenzako anaiita njia ya kisimani. Hakuna kibao, hakuna tiketi, na kwa kawaida hakuna atakayekuzuia, mradi ujulikane umetoka wapi. Mkiwa kundi, anzeni kwa mwenyekiti wa kijiji, wa LC1. Ukiwa peke yako, salamu inatosha, lakini iwe salamu kweli: simama, nyamaza, subiri jibu, uliza ya nyumbani. Kutupa "habari" huku unakwenda ni sawa na kutosalimia.

Sisi tuliozoea Kiswahili tuna jambo letu la kuangalia. Kasese utaelewana nacho vizuri, maana Kongo ni hapo tu. Kigezi na vijiji vya Buganda ni tofauti: wako wazee ambao Kiswahili walikisikia kwanza kwa askari kwenye kizuizi cha barabarani, na si askari wa kuwatakia heri. Basi anza kwa lugha yao. Kabale sema "agandi", utajibiwa "ni marungi". Kisoro ni "amakuru". Buganda anayelima mwambie "gyebale", ambayo ni pole yetu ya kazi. Baada ya hapo ingiza Kiswahili chako. Nimeona nyuso zikikunjuka kwa neno moja tu.

Adabu nyingine ni ya miguu. Kwenye matuta ya Kigezi usikate njia ya mkato kushuka. Wakulima wa huko walikuwa na desturi zao za kuzuia udongo, na miaka ya 1940 mabwana shamba wa kikoloni waliueneza mpango wa matuta wilaya nzima. Kila ngazi ya kilima inashikiliwa na ukanda wa majani ambao ukiukanyaga mara kwa mara unafunguka, na mvua ya kwanza inashusha udongo kwenye shamba la chini. Tembea juu ya mstari wa tuta, hata kama ni mzunguko. Mwenye dumu la maji kichwani anapita kwanza, wewe ndiye unayepisha. Na picha ya mtu akilima huombwa kabla, si baada.

Twende miezi gani? (wengi)

Juni mpaka Agosti, au Desemba mpaka Februari. Machi hadi Mei na Septemba hadi Novemba ni mvua, na ukingo wa udongo uliolowa hauna urafiki na mtu. Kabale chukua sweta mwezi wowote. Mji uko karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari na usiku baridi yake ni ya kweli.

Viatu? (Mwanafunzi, Jinja)

Raba zenye meno chini. Gambuti zinafaa kwenye tope, lakini kwa saa tatu zitakuchubua visigino. Usinunue viatu vya bei kubwa kwa ajili ya mfereji.

Mbona ni kusini na magharibi tu? Sisi wa mashariki hatuna mifereji? (Mfanyabiashara, Mbale)

Mnayo, kaka, na kwa upana pengine mnatushinda. Skimu ya mpunga ya Doho, Butaleja, inanyweshwa na Mto Manafwa unaotoka upande wa Elgon. Ardhi yake ni bapa, anga kubwa, na watoto kazi yao ni kufukuza ndege kwenye mpunga kwa kelele na mawe. Nimeiacha kwa sababu moja tu: hakuna kivuli. Nenda mpunga ukiwa kijani, ulizia kwanza kama Manafwa haujafurika, maana ukifurika barabara yenyewe inakuwa mfereji.

Nikichoka katikati ya njia je? (huyohuyo mwalimu wa Bombo, kwa ujumbe wa pili)

Mwalimu, njia hizi ni za watu, kwa hiyo bodaboda hazikosekani. Patana bei kabla hujapanda, na mwambie apite barabara kuu, asikupitishe juu ya ukingo wa mfereji.