Je, Bomu Moja la Nyuklia Lingetosha Kutulinda?

Swali: Ninafanya biashara ya mbao hapa Makambako. Kwa kuwa Namtumbo kuna urani, kwa nini Tanzania isitengeneze walau bomu moja, ilhali nchi yenye bomu haiguswi?

Jibu: La urani nitalipitia haraka, ndugu yangu. Urani ya ardhini ina takriban asilimia 0.7 tu ya aina ifaayo kwa bomu, ambalo kwa kawaida huhitaji ifikishwe karibu asilimia 90, na Mkataba wa Pelindaba, yaani mapatano ya nchi za Afrika ya kutokuwa na silaha za nyuklia, ulioanza kutumika mwaka 2009, unatukataza kutengeneza silaha hizo.

Kinachonichosha, na ambacho wanafunzi wangu hapa Mbeya huja nacho kila mwaka, ni maneno yako ya mwisho. Mwaka 1973 Misri na Syria ziliyashambulia majeshi ya Israel huko Sinai na Golan, ingawa wengi walikwisha kuamini kwamba Israel ina silaha za nyuklia. Mwaka 1982 Argentina ikatwaa visiwa vya Falkland mikononi mwa Uingereza, ambayo mabomu yake hayakuwa siri kwa mtu yeyote. Washambuliaji walikadiria, na hawakukosea, kwamba hakuna atakayeteketeza miji kwa ajili ya ugomvi wa mipaka ya namna ile.

Tishio huzuia vita pale tu adui anapoamini kwamba hata akitangulia kupiga, kisasi kitamfikia. Ndiyo maana Uingereza, tangu mwaka 1969, daima ina walau nyambizi moja yenye makombora ya nyuklia iliyojificha baharini. Bomu moja lililo ghalani humpa jirani mwenye wasiwasi sababu ya kuliharibu mapema, na mwenye nalo huwa karibu zaidi na vita kuliko alipokuwa hana kitu.

Wachambuzi wa vijiweni wanaolinadi bomu kama hirizi hawagusi kabisa suala la muda. Tarehe 26 Septemba 1983 mitambo ya Kisovieti iliripoti makombora matano kutoka Marekani. Stanislav Petrov, ofisa wa zamu, alikataa kuiamini, na baadaye ikabainika kwamba setilaiti zilipotoshwa na mwanga wa jua ulioakisiwa na mawingu. Kwa hiyo atakayekuhubiria kinga ya nyuklia, wewe au mwingine yeyote, mwulizeni kwanza ni nani atakayekuwa zamu usiku huo, na atapewa dakika ngapi za kuamua.