Banzi la mkono haliazimwi: niliyojifunza baada ya kuanguka mkarafuu

Mke wangu alilivaa banzi langu, yaani kifaa kigumu cha kuushikilia mkono, usiku tisa mfululizo, na ganzi ya vidole iliyokuwa ikimwamsha mara moja kwa usiku ikawa inamwamsha mara tatu. Banzi lenyewe halikuwa na kasoro. Lilitengenezwa na fundi aliyeisomea kazi hiyo, na mimi lilinirudishia mkono ambao nilikwisha kuukatia tamaa. Kosa lilikuwa letu sote wawili, la kudhani kwamba maadamu kinachouma ni mkono, basi kilichoufaa mkono huu kitaufaa na ule. Tangu hapo nimekuwa nikiulizwa mengi na jirani zetu hapa Wete, Pemba, hasa wanawake wanaoshona kofia na wanaochambua karafuu, nami nimeona niyaandike niliyoyapitia na niliyoelezwa na wataalamu, ili mwenye maradhi ya mkono ajue la kuuliza kabla hajafungwa chochote.

Nianze na maneno, kwa sababu neno moja lilinipotezea wiki tatu. Katika msimu wa karafuu wa 2019 nilianguka kutoka mkarafuuni, nikavunjika mfupa wa juu wa mkono wa kulia, ule ulio baina ya bega na kisugudi. Nilipofungwa plasta nilimwambia daktari kijana, mgeni kutoka Bara, kwamba siwezi kuinua kiwiko. Kwetu sisi kiwiko ni hapa panapovaliwa saa. Yeye alikulia mahali ambapo kiwiko ni kisugudi, akautazama mkono wangu ndani ya plasta, akanijibu kwa upole kwamba hakitakiwi kuinuka mpaka mfupa uunge. Hakuna aliyesema uongo, lakini kiganja changu kiliendelea kuning'inia kama jani lililonyauka, na hakuna aliyekishughulikia. Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza ni mdogo sana: usimtajie daktari jina la mahali, mwoneshe kwa kidole. Katika makala hii nitasema kifundo cha mkono, nikikusudia pale penye saa.

Mkono una mishipa mitatu mikubwa ya fahamu, yaani neva, inayotoka kwenye uti wa mgongo shingoni, ikapita kwapani na kushuka hadi vidoleni. Wataalamu wanaziita mediani, alna na radiali. Kila moja ina njia yake, ina misuli inayoiamrisha na ina sehemu ya ngozi inayoihisi, na ndiyo maana vidole vyenyewe hueleza ni ipi iliyodhurika, mradi mtu aviulize kimoja kimoja badala ya kusema tu kwamba mkono mzima umekufa ganzi.

Neva yangu iliyoumia ilikuwa radiali. Hii huuzunguka mfupa wa juu wa mkono kwa nyuma, ikiwa imeugusa kabisa, na kwa sababu hiyo mfupa unapovunjika katikati neva huweza kuvutwa, kubanwa au kuchubuliwa. Mtu anaweza kuipata shida hiyohiyo bila ya kuvunjika, kwa kulala usingizi mzito huku mkono umening'inia kwenye ukingo wa kiti, au kwa kuegemea magongo yanayombana kwapani. Kazi yake kubwa ni kuinua kifundo cha mkono, kunyoosha vidole pale vinapoungana na kiganja, na kufungua gumba. Ikishindwa, kiganja huanguka. Ganzi huwa ndogo tu, nyuma ya mkono baina ya gumba na kidole cha shahada, na pengine mgonjwa haigundui kabisa.

Kilichonishangaza zaidi ni kwamba sikuweza hata kushika, ilhali misuli ya kukunja vidole haiamrishwi na radiali. Fundi alinielewesha kwa jaribio ambalo msomaji anaweza kulifanya sasa hivi: kunja kifundo cha mkono kuelekea ndani mpaka mwisho, kisha jaribu kukaza ngumi. Haikazi. Kano za vidole zinahitaji kifundo kiwe kimeinuka kidogo ndipo zipate mvuto, na mwenye mkono mzima huinua kifundo bila ya kujijua kila anaposhika kitu. Kwa miezi mkono wangu wa kulia haukuweza kumega tonge wala kushika chaki, nami ni mwalimu wa skuli ya msingi. Kulishwa na watoto wangu mbele ya wageni kulinitia uchungu kuliko mfupa wenyewe.

Nilivuka kwenda Unguja kumwona fundi wa vifaa tiba vya viungo, aliyesomea TATCOT, chuo cha Moshi kilichoanzishwa 1981. Alichukua kipande cha plastiki ngumu, akakitia kwenye maji ya moto mpaka kikalegea kama chapati mbichi, akakilaza juu ya mkono wangu uliofunikwa kitambaa, na kukishikilia kwa dakika chache hadi kikaganda kwa umbo langu. Kifundo alikiinua kiasi cha nyuzi 30, na vidole na gumba akaviacha huru, akisema kwamba banzi linalofunika vidole lisingeniruhusu kufanya kazi yoyote. Siku hiyohiyo nilishika glasi ya maji. Neva haikuwa imepona hata kidogo. Banzi lilikuwa linafanya kazi yake kwa niaba, na pia linaizuia misuli iliyolala isivutwe na kurefuka kwa uzito wa kiganja.

Hapa ndipo wengi hukata tamaa mapema. Neva iliyokatika nyuzi zake huota upya kwa mwendo wa takriban milimita 1 kwa siku, yaani kama sentimita 3 kwa mwezi, na kutoka katikati ya mfupa wa juu hadi kwenye misuli ya mkono wa chini ni safari ya miezi. Neva nyingi za radiali zilizoumia kwa mfupa uliovunjika bila ya jeraha la wazi hurudi zenyewe, lakini ni lazima daktari afuatilie, na ikipita miezi mitatu au minne bila ya dalili yoyote, kipimo cha umeme wa neva na rai ya daktari mpasuaji vitafutwe, kwani misuli haisubiri milele. Kwangu mimi kifundo kilianza kuinuka mwezi wa tano, vidole vikafuata, na gumba likawa la mwisho, kama nilivyoelezwa kwamba ndivyo mpangilio wake ulivyo. Kwa muda wote huo nilivua banzi mara kadhaa kwa siku na kuvinyoosha vidole kwa mkono wa kushoto, kila kiungo hadi mwisho wake, kwa sababu neva ikirudi ikakuta viungo vimekakamaa, kurudi kwake hakutakuwa na faida kubwa.

Sasa nirudi kwa mke wangu. Yeye hushona kofia kwa mkono, na baada ya msimu huo alichambua karafuu usiku hadi usiku, akivunja vikonyo kiganjani maelfu kwa maelfu. Ganzi yake ilikuwa ya gumba, kidole cha shahada, cha kati na nusu ya kidole cha pete. Kidole cha mwisho hakikuguswa. Aliamka usiku akikung'uta mkono kama anayeondoa maji. Hiyo ni mediani, na pahali inapobanwa ni kwenye kifundo, ambako hupita ndani ya njia nyembamba iliyozungukwa na vifupa vya kifundo, ambavyo kwa jumla ni 8, na kuezekwa kwa utepe mgumu wa nyama kwa juu. Ndani ya njia hiyo neva inagombania nafasi na kano 9. Kano zikivimba kidogo tu, neva ndiyo inayoumia. Mimba, sukari na upungufu wa homoni ya tezi la shingo huongeza shida hii, kwa hiyo anayepata ganzi ya namna hiyo asione ajabu akiombwa kupimwa damu.

Njia ile huwa na nafasi kubwa zaidi pale kifundo kinapokuwa sawa, hakikuinama wala hakikuinuka. Ukikikunja, shinikizo hupanda. Ukikiinua, hupanda vilevile. Ndiyo sababu ganzi huja usiku, kwani tunapolala wengi wetu hujikunja viganja chini ya mto, na ndiyo sababu banzi langu la nyuzi 30 lilimwongezea mke wangu maradhi badala ya kumpunguzia. Alichohitaji ni banzi la nyuzi sifuri, la usiku tu, kwa muda wa wiki 6 hivi. Tulinunua lile la kitambaa linalouzwa tayari kwenye duka la dawa, lenye bamba la bati la alumini kwa upande wa kiganja. Tulipolichomoa bamba tulikuta limepindwa kuinua kifundo, kama yalivyo mengi ya namna yake. Mtaalamu wa fiziotherapia alilinyoosha juu ya meza mbele yetu likawa kama rula, akalirudisha. Ninamwomba kila anayenunua kifaa hiki kwa ajili ya ganzi ya usiku alichomoe bamba na kulitazama kabla ya usiku wa kwanza. Wiki ya pili alianza kulala hadi alfajiri.

Mchana aliendelea kushona bila ya banzi, ila kwa vituo, na kukuna nazi nikakuchukua mimi, kwani ile kazi ya kuzungusha kifundo juu ya mbuzi ilikuwa ikimrudishia ganzi kila jioni.

Neva ya alna nitaieleza kwa ufupi kwa kuwa sikuiugua. Hupita nyuma ya kisugudi, pale tukigonga huhisi kama tumepigwa na umeme, na ganzi yake ni ya kidole cha mwisho na nusu ya cha pete. Ikibanwa kisugudini, banzi la kifundo halisaidii chochote. Husaidia taulo lililozungushwa kisugudini usiku ili mkono usikunjike sana. Ikidhoofu kwa muda mrefu, vidole viwili vya mwisho hujikunja kama kucha za ndege, na banzi lake ni dogo, la kuzuia fundo za vidole zisipinde kwa nyuma. Vidole vilivyojikunja hivyo pamoja na baka la ngozi lisilohisi huweza kuwa ukoma, ambao bado upo na una dawa ya bure, na mwenye dalili hizo aende hospitali wiki hiyohiyo.

Mama mwenye mtoto mchanga anayeumwa upande wa gumba kila anapomnyanyua mtoto kwa kawaida hana tatizo la neva; ni ala ya kano mbili za gumba iliyovimba, na banzi lake ni lazima lishike gumba pamoja na kifundo. Lakini mkanda wa banzi hilo ukikazwa mno hubana tawi la radiali lililopita juujuu hapo, na ganzi mpya ikatokea nyuma ya gumba. Mkanda ulegezwe, usivumiliwe.

Yapo mambo ya matunzo ambayo joto letu linayalazimisha. Plastiki iliyolegea kwa maji ya moto italegea tena ikiachwa kwenye kioo cha mbele cha gari juani. Langu lilipinda hivyo na nikalazimika kurudi Unguja. Lioshwe kwa maji baridi na sabuni, na chini yake ivaliwe soksi ya pamba iliyokatwa vidole, ibadilishwe ikilowa jasho. Kila unapolivua tazama ngozi: wekundu usiopotea ndani ya nusu saa ni dalili kwamba linabana, na kwenye ngozi yenye ganzi huwezi kutegemea maumivu yakuambie. Kwa sababu hiyohiyo usiguse sufuria kwa mkono wenye ganzi. Wengi wameniuliza kuhusu udhu: nilipokuwa na plasta shekhe wetu alinielekeza nipanguse juu yake, na banzi nilikuwa nikilivua na kuosha kama kawaida, jambo ambalo pia lilinipa nafasi tano kwa siku za kufanya mazoezi ya vidole.

Banzi lina mpaka wake, na huo niliuona kwa shangazi yangu. Yeye alikuwa na ganzi ileile ya mke wangu kwa miaka mingi, akijifuta mafuta ya karafuu na kukandwa, na alipokubali kwenda hospitali ile nyama nene iliyo chini ya gumba ilikuwa imekwisha kunywea ikabaki bonde. Daktari alimwambia kwamba kwa hatua hiyo banzi halitatosha, akafanyiwa upasuaji mdogo wa kuukata ule utepe ulioibana neva. Maumivu ya usiku yaliondoka katika wiki ya kwanza, na hisia za ncha za vidole zikarudi polepole kwa miezi. Bonde halikujaa. Hadi leo vifungo vya nguo anafungiwa na mjukuu wake, na sindano ya kofia haijaishika tena.