Maswali yenu kuhusu Mir Anis, malenga wa Karbala

Kila Muharram ikikaribia inbox inajaa, na safari hii wengi mmeuliza kuhusu huyu malenga wa Kiurdu ambaye video za marsiya zake, yale mashairi ya maombolezo, zinazunguka kwenye magrupu. Nimechagua machache, yale ya kubishana madhehebu nimeyaacha hukohuko.

Huyu Mir Anis ni nani hasa?

Jina lake Mir Babar Ali, Anis ni jina la ushairi. Kazaliwa Faizabad, kaskazini mwa India, mwanzoni mwa miaka ya 1800, akahamia Lucknow na huko ndo alikofia Desemba 1874. Ushairi kwao ni urithi kabisa, babu yake Mir Hasan alitunga hadithi ndefu ya mapenzi na majini ambayo mpaka leo inasomwa, baba yake Mir Khaliq alikuwa mtunzi wa marsiya mwenye jina lake mjini, na Anis mwenyewe anajitapa kwenye beti zake kwamba hiki ni kizazi cha tano kinamsifu Huseni. Kujisifu alikuwa hajambo, na mi namwelewa.

Marsiya ndo kaswida?

Hapana. Marsiya ni shairi refu la msiba, na kwa watu wa Lucknow msiba wenyewe ni ule wa Karbala, mjukuu wa Mtume, Imam Huseni, alipouawa pamoja na watu wake tarehe 10 Muharram mwaka 61 Hijria, yaani 680. Ubeti una mishororo sita, minne ya mwanzo kina kimoja halafu miwili ya mwisho inageuza kina na kufunga kwa nguvu, hapo ndo utasikia ukumbi mzima unapiga kelele "waah waah". Marsiya moja inaweza kupita beti mia. Shujaa anaaga mahemani, anaingia uwanjani, anajitapa mbele ya adui, vita, sifa za farasi na upanga (hapo Anis anakwenda mbio mpaka unasahau kwamba uko msibani), halafu anauawa na kinafuata kilio cha wanawake.

Kisa kila mtu anakijua tangu mtoto, sasa watu wanalia nini?

Swali zuri kuliko yote. Mi naona Anis hategemei kisa, anategemea mambo madogo madogo ya nyumbani. Chukua ile marsiya yake maarufu inayoanza na jua kumaliza safari ya usiku. Asubuhi ya Ashura inapambazuka, na beti kwa beti anakuonyesha uzuri tu, ndege, upepo, majani yamekunywa umande yakazidi kuwa kijani, jangwa limejaa lulu kwenye upindo wa nguo yake. Unafurahia weee, halafu unakumbuka kwamba mle mahemani watoto hawajapata maji siku tatu. Hajakwambia, kakuachia ulikumbuke mwenyewe! Majani yamekunywa, watoto bado.

Kwenye marsiya hiyohiyo kuna Aun na Muhammad, watoto wa Bibi Zainab, dada yake Huseni. Bendera haijakabidhiwa mtu, na hawa vijana wawili wanaizungukazunguka, wanaitamani, maana babu zao pande zote mbili walishika bendera. Mama anawaona. Anawakaripia kama mama yeyote anavyokaripia watoto mbele ya wageni, kwamba nyie wadogo hivyo mnasogelea bendera mnatafuta nini, mjomba wenu akisikia je, rudini nyuma mkae kwa adabu. Na msikilizaji anajua kwamba kabla jua halijazama wote wawili watakuwa maiti, na huyu mama anayewagombeza anajua pia. Bendera anapewa Abbas, ndugu yake Huseni.

Wapo wanaomlaumu, wanasema mabibi wa Kiarabu wa karne ya saba wanaongea kama mabibi wa Lucknow, heshima zilezile, kununa kulekule, hata maneno ya harusini. Ni kweli kabisa wanaongea hivyo. Lakini angewaongelesha Kiarabu cha vitabuni nani angelia? Watunzi wetu wa tenzi nao mashujaa wao wa Uarabuni wanaongea Kiamu na Kimvita na hakuna anayelalamika.

Alikuwa anaimba kama wanavyoimba noha, zile nyimbo za maombolezo, siku hizi?

Hakuimba. Alikaa juu ya mimbari akasoma kwa sauti ya kawaida bila mahadhi, wenyewe wanaita tahtul-lafz, na wale wa mahadhi ni wengine, wa soz. Nguvu yote ilikuwa kwenye kupanda na kushuka kwa sauti, jicho, mkono kidogo tu. Inasimuliwa kwamba alikuwa akijizoeza nyumbani mbele ya kioo kikubwa. Ukiona msomaji anarusha mikono kama trafiki, ujue huyo hajafuata njia ya Anis.

Ni kweli aligombana na Dabir?

Waliogombana zaidi ni mashabiki. Mirza Dabir alikuwa mtunzi mkubwa wa mji uleule, zama zilezile, na Lucknow ikagawanyika Waanisi na Wadabiri kama sisi na Simba na Yanga. Dabir alipenda maneno mazito na mafumbo ya kielimu, Anis maneno mepesi yanayoteleza. Mwaka 1907 mwanachuoni Shibli Nomani alitoa kitabu kizima cha kuwalinganisha na akampa Anis ushindi, na wapenzi wa Dabir hawajamsamehe. Ila Anis alipofariki, Dabir mwenyewe ndo alitunga beti ya taarikhi, ile ambayo ukijumlisha thamani za herufi unapata mwaka wa kifo, akasema Mlima Sinai umebaki bila Musa na mimbari imebaki bila Anis. Miezi michache baadaye, 1875, na yeye akafa.

Waingereza walimfanya nini?

Yeye binafsi siwezi kusema walimgusa, lakini waliuchukua ufalme wa Awadh, ambao Lucknow ndo ilikuwa makao yake, mwaka 1856, mfalme Wajid Ali Shah akapelekwa Calcutta, mwaka uliofuata yakazuka yale maasi makubwa na Lucknow ikageuka uwanja wa vita. Wafadhili wakatawanyika. Mtu ambaye alikuwa hataki kusoma nje ya mji wake akaanza kwenda Patna, na 1871 akaenda mpaka Hyderabad. Njaa haina heshima jamani.

Mimi Sunni wa Tanga, hii inanihusu?

Huyo Shibli niliyemtaja alikuwa Sunni. Na wewe wa Tanga ndo usiulize kabisa, maana Hemedi bin Abdallah el-Buhriy, yuleyule wa utenzi wa vita vya Wadachi, ametunga na Utenzi wa Seyyidna Huseni bin Ali, kwa Kiswahili, na hakuwa Shia. Marsiya za Kiurdu zenyewe zilifika pwani yetu na Makhoja, ukipita karibu na imambara, yale majumba ya kumlilia Huseni, Zanzibar, Dar au Mombasa siku kumi za Muharram utazisikia.

Sijui Kiurdu hata neno, nianzie wapi?

Anza na ile ya asubuhi ya Ashura, iko tafsiri ya Kiingereza ya David Matthews. Usiisome yote siku moja. Soma mpaka pale pa bendera, halafu tafuta YouTube msomaji wa tahtul-lafz, sio wa mahadhi, umsikilize huku beti ziko mkononi. Na ukikutana na beti thelathini za farasi ukachoka, ruka, mi mwenyewe huwa naziruka.