Je, ukame ndio uliotusimamisha kwa miguu miwili?

SWALI: Nafundisha sekondari Dodoma. Wanafunzi wangu wameona video isemayo kwamba ukame ulimaliza misitu ya Afrika Mashariki, nyani wakakosa miti, wakalazimika kusimama ili wamwone simba kwa mbali. Ni kweli? Mbona nyani wa leo wako nyikani na bado wanatembea kwa miguu minne?

JIBU: Mwalimu, swali lako la pili linatosha kuiangusha video hiyo. Neno linalonikera humo, nami nalikuta karibu kila shule ninayoalikwa, ni “wakalazimika”. Ukame haumwoteshei mnyama kiungo anachokihitaji. Watoto huzaliwa na tofauti ndogondogo. Mwenye mguu unaomfikisha kwenye maji ya mbali bila kuchoka mno huzaa zaidi, na jambo hilo likijirudia kwa maelfu ya vizazi, mguu wa namna hiyo unakuwa wa wote. Tofauti hiyo isipokuwapo, mnyama huhama au hufa.

Tena kusimama kulianza kwenye miti. Ardi, jamaa wa kale wa binadamu aliyefukuliwa Aramis, Ethiopia, ana umri wa miaka milioni 4.4. Nyonga yake inaonyesha aliweza kutembea wima, lakini kidole gumba cha mguu bado kilishika tawi, na mabaki ya mimea na wanyama waliokuwa naye ni ya pori lenye miti.

Wala ukame haukuja mara moja ukakaa. Olduvai, nta ya majani iliyobaki katika tope la ziwa la kale inaonyesha kwamba kati ya miaka milioni 2 na milioni 1.8 iliyopita pale palikuwa na miti, pakageuka nyasi, miti ikarudi, tena na tena, kadiri dunia ilivyoyumba kwenye mhimili wake na kusogeza mvua. Zinj, jamaa mwingine wa kale wa binadamu, ambaye fuvu lake mtafiti Mary Leakey alilipata hapo mwaka 1959, alikuwa mkazi hasa wa nyika hiyo: kemikali za meno ya jamii yake zinaonyesha walitegemea sana nyasi na ndago. Jamii hiyo ilitoweka. Mababu zetu, waliokula hiki na kile, walibaki.

Hapo ndipo wauza “lishe ya asili ya binadamu” wanaponichosha. Wanamwambia mgonjwa wa kisukari aache dawa ale nyama tupu, eti ndivyo nyika ilivyotuumba. Nyika ipi, Mwalimu, na ya mwaka gani? Olorgesailie, Kenya, watu walichonga mashoka yaleyale makubwa kwa mamia ya maelfu ya miaka. Kufikia miaka 320,000 iliyopita, baada ya mvua na malisho kuwa ya kubahatisha, tunakuta ncha ndogo za mawe, nyingine za obsidiani, yaani kioo cha volkano, iliyotoka makumi ya kilomita. Mimi naona hapo watu waliojua kutafuta majirani mbali na kwao.

Wanafunzi wakikuletea video nyingine, waulize kwanza: mfupa huo ulitoka tabaka lipi, na majivu ya volkano ya juu na chini yake yamepimwa umri gani? Asiyetaja tabaka, mzimeni.