Usipime Virutubisho Ukalisahau Jua

Juzi dada mmoja wa Kisauni aliniandikia: "Kaka, nimepata hela za kupima virutubisho, nitrati na fosfati, Hori ya Tudor, Mombasa, kwa tasnifu yangu. Nianzie wapi?" Ujumbe ule ulinitonesha donda.

Nami nilianzia hapo hapo. Ilikuwa Mei, masika yamekolea, mito ya Kombeni na Tsalu inamwaga maji mekundu horini. Nilifikiri kama mkulima: mvua inateremsha mbolea ya mashamba, maji taka ya mji yanaongeza amonia, basi fitoplanktoni, vimea vidogo mno vinavyoelea majini, zitashiba na kuzaana. Nitrati ilipanda kweli. Lakini kila nilipochuja maji, chujio lilitoka la kahawia, tope tupu, na klorofili, ile rangi ya kijani ya mimea, kiduchu. Nikailaumu asetoni ninayotolea klorofili kwenye chujio, nikarudia upya.

Mzee mwenye dau alikuwa ameshaniambia. "Tia mkono, mwanangu. Vidole unaviona?" Maji hayajafika kiwikoni, vidole vimepotea. Nikaufuta mkono kwenye suruali, nikaendelea kujaza chupa.

Siku ya kuitetea tasnifu, mtahini akauliza swali moja: "Mwanga uko wapi?" Sikuwa na tarakimu hata moja. Nikarudishwa mwaka mzima. Msimamizi wangu, aliyeusaini mpango wote ule, alikuwa kainamia meza, kimya. Mpaka leo linaniuma.

Mdogo wangu, seli ya fitoplanktoni isiyopata jua haiwezi kukua kwa nitrati hata ikiogelea ndani yake. Mkondo unaikoroga juu na chini. Ikikaa mno gizani, chakula ilichotengeneza juu inakimaliza kwa kupumua. Ukitoka kuelekea bahari kuu, mambo yanageuka: mwanga tele, na mara nyingi naitrojeni, ile iliyomo kwenye nitrati, ndiyo inayopungua. Diatomu, fitoplanktoni zenye gamba kama kioo, nazo zinataka silika ya kujengea gamba hilo, usiisahau.

Mwaka wa pili fundi wa Kongowea alinikatia bati la duara, sentimita 30, nikalipaka rangi nyeupe, nikalifungia chuma na kamba yenye alama kila sentimita 10. Ndiyo sahani ya Secchi, kifaa cha tangu 1865: unaishusha majini uone inapotea kina gani. Wakati wa bamvua, maji yanapojaa na kupwa sana, ilipotea kabla ya nusu mita. Mvua zilipokatika, maji mafu yakaingia, kujaa na kupwa kukawa kudogo, tope likatua, nikaiona hadi kupita mita mbili. Nitrati ilikuwa imeshuka, lakini chujio lilitoka la kijani! Nilishika kidude kile nikatetemeka.

Tuache kuabudu mashine za maabara. Anayeomba fedha za vipimo vya bei ghali bila kuchungulia maji anajidanganya, na anamdanganya aliyemfadhili.

Kwa hiyo dada, tafuta bati kwanza. Nenda bamvua, nenda na maji mafu, vituo vile vile. Soma sahani karibu na adhuhuri, upande wa kivuli cha dau. Andika inapopotea na inapoonekana tena, uchukue wastani. Chujio likunje ndani ya foili papo hapo na ulitie kwenye barafu, maana klorofili huharibika kwa mwanga.